Mchuzi Uliozaliwa Vitani

Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Wengi hulitumia neno hilo kumlaumu mtu aliyekula kisichofaa. Lakini yafaa tulitazame kwa upande wa pili. Mwenye njaa akisha kula na kusalimika, aifanyeje kumbukumbu ya kile alichokula? Aifiche, au aipakue mezani mbele ya watoto wake? Watu wa Korea ya Kusini wamelijibu swali hilo kwa sufuria, na jibu lao ni mchuzi mkali, mwekundu, uitwao budae jjigae. Budae maana yake ni kikosi cha jeshi; jjigae ni mchuzi mzito wa kuchemka. Ni mchuzi wa jeshi, basi, wala jina hilo halikuja bure.

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, na mapigano yakasimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Katika muda huo mji wa Seoul ulitwaliwa mara nne, leo na hawa, kesho na wale. Mamilioni ya watu walikufa, mashamba yakaharibika, na waliobaki hawakuwa na chakula. Huko Uijeongbu, kaskazini mwa Seoul, majeshi ya Marekani yalipiga kambi. Ndani ya ua palikuwa na nyama za makopo, soseji na jibini. Nje ya ua palikuwa na mama na watoto wenye njaa.

Kwanza watu hao walikula makombo. Masalia ya meza za askari yaliokotwa, yakachemshwa pamoja, yakauzwa kwa jina la uji wa nguruwe. Wazee walioula husimulia kwamba mara nyingine walikuta vipande vya sigara ndani yake. Hapana haja ya kulipamba jambo hilo. Lilikuwa dhiki, na lilikuwa fedheha.

Baadaye makopo mazima yakaanza kutoka kambini kwa mlango wa nyuma, ingawa sheria ilikataza. Hapo ndipo wapishi wa Kikorea walipofanya jambo la kustahili sifa. Waliichukua nyama hiyo ya kigeni, yenye chumvi na mafuta mengi, wakaitia katika chungu chao wenyewe, pamoja na kimchi na pilipili. Wengine waliuita mchuzi huo supu ya Johnson, kwa jina la Lyndon B. Johnson, Rais wa Marekani aliyezuru Korea mwaka 1966. Tambi za haraka, zilizoanza kutengenezwa nchini humo mwaka 1963, nazo zikapata nafasi yake.

Ndugu msomaji, tazama vema kilichofanyika hapo. Nyama ilikuwa ya mgeni, lakini ladha ilikuwa ya mwenyeji. Kimchi ni kabichi ya Kichina iliyotiwa chumvi, ikapakwa pilipili, kitunguu saumu, tangawizi na samaki au kamba waliochachushwa, kisha ikahifadhiwa mpaka ichache. Kabla ya kipupwe, jamaa na majirani hukusanyika kuitengeneza ya kutosha msimu mzima, na desturi hiyo iliandikwa na UNESCO mwaka 2013 miongoni mwa urithi wa wanadamu. Hata hiyo pilipili ilikuwa mgeni zamani. Asili yake ni Amerika, kama ilivyo asili ya pilipili yetu ya pwani, na mwanachuoni Yi Su-gwang, katika kitabu chake cha mwaka 1614, aliieleza kuwa ni kitu chenye sumu kilichotoka Japani. Leo nani aweza kuiwazia Korea bila pilipili?

Mwenye kutaka kuupika nyumbani kwa watu wanne na afuate njia hii. Aanze na supu. Achukue dagaa wakavu, awatoe vichwa na matumbo ili wasitie uchungu, awachemshe kwa dakika kumi na tano katika maji yapatayo lita moja, kisha achuje. Supu ya mifupa ya ng'ombe pia yafaa. Katika bakuli achanganye vijiko viwili vikubwa vya pilipili ya unga ya Kikorea, kijiko kimoja cha gochujang, yaani rojo ya pilipili na soya iliyochachushwa, kijiko kimoja cha sosi ya soya, na punje tano za kitunguu saumu zilizopondwa. Ajihadhari: pilipili ya Kikorea ina harufu nzuri na ukali wa kiasi. Akitumia pilipili kali ya kwetu kwa kipimo hicho, hapana atakayemaliza sahani yake.

Kisha atwae sufuria pana, isiyo na kina. Apange kila kitu upande wake: kikombe cha kimchi iliyochacha sawasawa, nyama ya kopo kiasi cha gramu 200 iliyokatwa vipande vyembamba, soseji tatu, kitunguu, tofu, na vijiko viwili vya maharagwe ya kopo. Asiyekula nguruwe atumie nyama ya kopo na soseji za ng'ombe; mchuzi hautapungukiwa na kitu. Rojo ya pilipili iwekwe katikati, supu imiminwe, na moto uwashwe. Chumvi asiongeze, maana nyama na kimchi zinayo ya kutosha. Baada ya dakika kumi atie tambi, na mwisho kipande cha jibini na majani ya vitunguu. Desturi ni kuupika mezani juu ya jiko dogo, kila mtu akijipakulia, na wali mweupe kando.

Jambo moja asilibadili: kimchi isiwe mbichi. Uchachu wake ndio unaokata mafuta ya nyama. Bila huo, kilichomo sufuriani ni makopo yaliyochemshwa tu.

Wapo Wakorea wasemao kwamba chakula hiki ni ukumbusho wa unyonge na kingefaa kusahauliwa. Hatuwezi kuwalaumu, maana fedheha huijua aliyeipata. Lakini kambi nyingi za Uijeongbu zimekwisha fungwa, na mji huo una mtaa mzima wa mikahawa ya budae jjigae, ambako watu huenda kula kwa hiari na kwa furaha. Nyama ya kopo iliyopitishwa kwa magendo ilianza kutengenezwa Korea yenyewe mwaka 1987, na sasa hufungwa vizuri na kutolewa zawadi katika Chuseok, sikukuu ya mavuno.

Taifa halidhalilishwi na kile lililolazimika kula wakati wa dhiki. Hudhalilika likisahau namna lilivyokipika. Mama wa Uijeongbu hakuwa na uwezo wa kuchagua nyama, lakini chungu kilikuwa chake na kimchi ilikuwa yake. Tutakapouonja mchuzi huo na machozi yakatutoka kwa ukali wake, tukumbuke kwamba wa kwanza kuupika walitokwa na machozi kwa sababu nyingine.