Picha Zinazoota Ukutani

Picha ya ukutani yaweza kutengenezwa bila rangi hata tone. Msanii hupanda mimea kwa kufuata mchoro, au huacha viumbe hai vitande ukutani kisha akafuta baadhi ili picha ijitokeze. Njia zote mbili hutegemea mashine, na zote zinataka subira.

Njia ya kwanza ni ya zamani kidogo. Mwaka 1938, Mmarekani Stanley Hart White alipewa hataza ya ukuta wa kuoteshea mimea. Aliyeueneza duniani ni mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Patrick Blanc. Ukuta wake kwenye makumbusho ya Quai Branly, Paris, ulipandwa mimea 15,000 hivi katika eneo la mita za mraba 800.

Ukuta wa namna hiyo hauna udongo. Fremu ya chuma hufungwa kwa kuacha nafasi kati yake na jengo ili unyevu usilile, kisha huwekwa karatasi ngumu ya plastiki na juu yake kitambaa kizito kinachofyonza maji. Kitambaa huchanwa vijimfuko, na kila kimoja huchomekwa mche. Pampu hupandisha maji yenye mbolea hadi kwenye bomba lenye matundu huko juu, nayo huchuruzika hadi mferejini. Swichi ya muda huiwasha pampu mara kadhaa kwa siku, dakika chache kila mara. Umeme ukikatika wakati wa jua kali, mimea ya juu ndiyo hunyauka kwanza, kwa kuwa maji yote hukimbilia chini. Kwa sababu hiyo kangaga hupandwa chini, na mimea ya majani manene yenye kuhifadhi maji huwekwa juu.

Njia ya pili ni ya kufuta. Mwaka 2016, msanii wa Afrika Kusini William Kentridge alichora picha zaidi ya 80 kwenye ukingo wa mto Tiber, Roma, kwa urefu wa karibu nusu kilomita. Mafundi waliweka violezo ukutani, wakaosha kwa maji ya shinikizo uchafu na viumbe vilivyotanda pembeni mwavyo. Uchafu uliobaki ndio uliokuwa picha, nayo hufifia kadiri ukuta unavyotanda upya.

Kanda ya Ziwa nchini Tanzania nayo ina misingi ya sanaa hii. Wasukuma wamezungushia makazi yao ua wa minyaa tangu zamani, na michoro ya ukutani ya Bayeye, wacheza nyoka, iliandikiwa kitabu na Hans Cory mwaka 1953. Jiji la Mwanza lina ziwa kwa ajili ya maji na mvua za kutosha, ingawa kiangazi cha Juni hadi Agosti hakiwezi kuvukwa bila pampu na tangi la akiba. Kwa njia ya kufuta, mashine ya kuoshea magari yatosha.

Hata hivyo, kazi hiyo ifanyike kwenye kuta za zege tu. Mabaka ya kijivu na ya kijani kwenye miamba ya Mwanza ni kuvumwani, muungano wa kuvu na mwani, na baadhi yake hutanuka chini ya milimita moja kwa mwaka. Kinachofutwa kwa saa moja huenda kisirudi katika uhai wa aliyekifuta. Miamba iachwe kama ilivyo.