Mlio wa Diski Ngumu: Upi wa Kawaida, Upi wa Hatari

Katika maduka ya Shinyanga mjini, Kahama, Geita na Katoro, mlaji hukuta kompyuta mpakato mpya zikiuzwa pamoja na zile zilizokwisha kutumika. Nyingi kati ya hizo za pili bado zina diski ngumu ya kuzunguka, yaani chombo kinachohifadhi mafaili yote, na chombo hicho hutoa sauti. Mlaji hujiuliza kama anachosikia ni mashine inayofanya kazi yake au mashine inayokufa. Jibu lina uzito, kwa sababu kompyuta nyingine hununulika, lakini hesabu za mauzo ya dhahabu za miaka mitatu, alama za wanafunzi au picha za mzazi aliyefariki hazipatikani dukani.

Kabla ya kusikiliza, tunamshauri mlaji ahakikishe kwanza ni diski ya aina gani. Katika Windows 11, na katika Windows 10 iliyosasishwa, abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha afungue ukurasa wa utendaji na kutazama sehemu ya diski. Yakionekana maandishi HDD, ni ya kuzunguka. Yakionekana SSD, ndani yake hakuna kitu chochote kinachozunguka, na kelele karibu kila mara inatoka kwenye feni. Katika ukanda huu wenye vumbi jingi wakati wa kiangazi, feni huziba upesi. Kelele ya feni hupanda kompyuta inapopata joto na kushuka inapopoa, na upepo wake huhisiwa kwa kiganja pembeni mwa kompyuta. Kusafisha feni ni kazi ndogo, wala mlaji asikubali kulipia diski mpya kwa ajili yake.

Ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, bila kuzigusa, kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kwa hiyo mvumo mwembamba usiobadilika ni wa kawaida. Mtatariko mwepesi faili linapofunguliwa ni kichwa kinachohama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Tik moja kompyuta inapokuwa imetulia ni kichwa kinachoegeshwa kando. Umeme unapokatika ghafla na betri imekwisha, husikika tik kubwa zaidi, kwa maana kichwa kimerudishwa kwa haraka. Mara moja haina neno. Ikiwa ni desturi ya kila wiki, betri ibadilishwe, kwani diski inachakaa kabla ya wakati wake.

Sauti ya hatari ni ya namna nyingine. Ni tak, tak, tak kwa mpangilio uleule, kisha diski inatulia na kuanza upya: kichwa hakipati alama kinazozitafuta na kinajaribu tena na tena. Mkwaruzo kama wa chuma juu ya chuma ni mbaya kuliko huo, maana huenda kichwa kimegusa sahani, na kila dakika inayopita kinakwangua kumbukumbu. Diski inayovuma kidogo, ikanyamaza, ikavuma tena bila kompyuta kuwaka, yaelekea imeshindwa kuzunguka. Ukubwa wa sauti si kipimo. Ipo diski yenye kelele tangu siku ya kwanza ambayo ni nzima; tunaitilia shaka zaidi ile iliyokuwa kimya jana na leo inagonga, hasa kompyuta ikianza pia kuganda au mafaili kukataa kufunguka.

Kwa wanaofanya kazi karibu na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, kama huko Nyarugusu, liko jambo la kuzingatia. Mtetemo wa meza hukifanya kichwa kikose mstari wake na kurudia kusoma, hivyo diski nzima huweza kuonekana goigoi. Kompyuta ihamishiwe kwenye meza iliyotulia, kisha isikilizwe upya. Ikisafirishwa kwa bodaboda, izimwe kabisa kwanza. Kuifunika tu hakutoshi.

Ikiwa sauti ni ya hatari na mafaili bado yanafunguka, mlaji anakili yale muhimu kwenye flashi au diski ya nje, yasiyo na mbadala kwanza, kabla ya jaribio lolote na kabla ya kwenda kwa fundi. Programu za kukagua diski huisoma yote, na huo ni mzigo kwa diski inayokufa. Ikiwa ni mkwaruzo, au hakuna kinachofunguka, azime na asiwashe tena. Asimruhusu mtu kuifungua diski mezani dukani, kwa sababu chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani. Wapo wanaoshauri diski iwekwe kwenye friza. Hatuoni faida yake, na unyevu unaobaki juu ya sahani huongeza madhara.

Anayenunua kompyuta iliyotumika ana nafasi nzuri zaidi, maana hajalipa. Aiwashe ikiwa imezimwa kabisa, anakili faili kubwa, na asogeze sikio karibu na kibodi kwa dakika chache. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, pamoja na saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 20,000 imezunguka zaidi ya miaka miwili bila kupumzika. Rangi ya njano au nyekundu ni onyo. Rangi ya buluu haitoi uhakika, kwani diski huweza kufa bila kutangaza.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyofaa, lakini aliyeikagua bidhaa hawezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo mlaji akisikia mlio na muuzaji akamhakikishia kuwa ni wa kawaida, aombe maneno hayo yaandikwe, pamoja na muda wa dhamana, na atunze risiti ya EFD. Muuzaji anayemdanganya mlaji kuhusu hali ya bidhaa anaweza kushtakiwa kwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Diski ikibadilishwa, mlaji aidai ile ya zamani hata kama fundi anasema imekufa. Ni mali yake, na taarifa zilizomo ndani huweza kusomwa na mwenye vifaa.