Nyumba inavuja na ajenti yu kimya: Mpangaji afanyeje?

MVUA ya masika inapoanza kunyesha jijini Nairobi, simu za keateka wengi huwa hazipokelewi. Maji hupenya katika dari la orofa ya juu, yakateremka ukutani hadi kwenye soketi ya stima, na siku chache baadaye ukungu mweusi ukaanza kuota nyuma ya kitanda cha mtoto. Mpangaji humweleza keateka. Keateka huahidi kumfahamisha ajenti. Ajenti naye husema angali anasubiri idhini ya mwenye nyumba, ambaye yuko mashambani, au ng’ambo, au hajulikani aliko. Miezi mitatu inapita hivyo, na katika muda huo wote kodi imelipwa tarehe tano bila kukosa.

Haya ndiyo maisha ya wapangaji wengi wa Pipeline, Kayole, Umoja na Zimmerman, sawa na wenzao wa Mikindani na Bamburi huko Mombasa. Aghalabu huamini kuwa hawana la kufanya ila kuvumilia au kuhama. Kwa hakika sheria inamlinda mpangaji kuliko anavyodhani, ingawa ina mapengo yake ambayo si haki kuyaficha.

Swali la kwanza ni nani anayepaswa kukarabati nini. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataja majukumu ya mwenye nyumba ambayo huchukuliwa kuwa sehemu ya mkataba hata kama hayakuandikwa. Nyumba ya kuishi sharti iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na iendelee kuwa hivyo muda wote wa upangaji. Pale ambapo mtu amepanga sehemu tu ya jengo, kama ilivyo katika fleti, mwenye jengo ndiye anayewajibika kuhusu paa, kuta za nje, mitaro mikuu ya maji taka na sehemu zinazotumiwa na wote, zikiwemo ngazi na vijia. Kwa hivyo ajenti anayekuambia kuwa paa linalovuja ni mzigo wako kwa sababu unaishi orofa ya mwisho anakupotosha.

Hata hivyo, mpangaji naye ana wajibu wake. Balbu iliyoungua, kitasa kilichovunjwa na watoto, au sinki lililozibwa na mabaki ya chakula si kazi ya mwenye nyumba, na anayeng’ang’ania mambo hayo hupoteza heshima atakayoihitaji siku paa litakapovuja. Ni busara pia kusoma mkataba upya kabla ya kuanza kulalamika, maana mikataba mingi hutiwa sahihi kwa pupa siku ya kuhamia, lori la mizigo likiwa linasubiri langoni.

Kosa kubwa la wapangaji wengi ni kulalamika kwa mdomo. Ukimwambia keateka penye ngazi, huna ushahidi wowote kwamba ulisema. Andika barua. Si lazima iwe ndefu wala ya kisheria. Yatosha itaje nambari ya nyumba, kasoro yenyewe, siku ilipoanza, siku ulizowahi kuripoti na nani aliyekujibu, madhara yaliyopatikana, na muda unaoona kuwa wa haki ili kazi ifanyike. Kwa waya za stima zilizolowa au maji taka yaliyofurika, siku mbili zatosha. Kwa ukuta wenye unyevu, wiki mbili si nyingi. Toa nakala, na umwombe anayeipokea aitie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Iwapo mazungumzo yenu hufanyika kwa simu, tuma ujumbe na uuhifadhi pamoja na picha. Mahakama za Kenya hupokea ushahidi wa kielektroniki, mradi uandamane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana.

Barua hiyo iende kwa ajenti na nakala kwa mwenye nyumba mwenyewe. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Si mara moja ambapo mwenye nyumba hugundua kuwa hajawahi kuambiwa lolote, na kwamba ajenti amekuwa akikusanya kodi na kunyamazia mengine. Isitoshe, maajenti wa nyumba wanatakiwa kisheria wawe wamesajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533. Kumuuliza ajenti nambari yake ya usajili, kwa upole na kwa maandishi, kumewahi kuharakisha kazi ambayo ilisemekana haina bajeti.

Sahihi moja huchukuliwa kuwa ya mkorofi. Sahihi 20 za jengo moja ni jambo jingine kabisa. Mwenye nyumba anaweza kumtisha mpangaji mmoja kwamba ahame, lakini akiwatimua wote atabaki na jengo tupu na mkopo wa benki wa kulipa. Ndiyo maana inafaa wapangaji wakutane, japo kwa nusu saa pale uani, wakubaliane juu ya kasoro mbili au tatu zinazowagusa wote, na waandike barua moja.

Barua isipojibiwa, hatua inayofuata ni ofisi ya afya ya umma ya kaunti. Huenda ndiyo njia inayosahaulika zaidi, na haihitaji wakili. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza kero zinazohatarisha afya, na katika orodha ya kero hizo mna majengo yenye unyevu au uchafu unaodhuru wakazi, pamoja na vyoo na mitaro mibovu. Afisa akikagua na kuridhika kuwa kero ipo, anaweza kumpa mwenye jengo ilani ya kuiondoa kwa muda maalumu. Akipuuza, hufikishwa mahakamani. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuwa na makao ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi.

Nyufa katika nguzo au kuta zinazobeba jengo si suala la kuandikiana barua kwa majuma. Jengo lililoporomoka Huruma mnamo Aprili 29, 2016, likaua zaidi ya watu 40, lilikuwa limekwisha kuagizwa libomolewe, na bado watu walikuwa wakilipia vyumba humo. Nyufa za aina hiyo ziripotiwe mara moja kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na wakazi wasilale humo wakisubiri majibu.

Kuna pia jopo la kodi lililoundwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Lina meno ya kutosha: laweza kumwamuru mwenye nyumba afanye ukarabati, na akikaidi, kumruhusu mpangaji aufanye na kukata gharama katika kodi. Tatizo ni kwamba sheria hiyo inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho leo ni vigumu kupata hata chumba kimoja cha mawe Nairobi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo pengo linalowaumiza wapangaji kuliko yote. Anayelipa zaidi ya hapo hulazimika kutegemea mkataba wake, Sheria ya Ardhi na mahakama za kawaida.

Ni katika hali hii ambapo wengi hushawishika kugoma kulipa kodi. Wajihadhari. Bila amri ya jopo au makubaliano ya maandishi, kodi isiyolipwa hubaki kuwa deni, na Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, humruhusu mwenye nyumba kumtuma dalali mwenye leseni achukue mali ya mpangaji. Malalamiko yako halali hugeuka kesi ya mdaiwa, na kochi lako likapigwa mnada dari lingali linavuja. Ukitaka kutumia pesa zako kwa ukarabati wa dharura, pata kwanza kibali cha maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, kisha uhifadhi risiti za fundi na za vifaa.

Wengine huogopa kwamba wakilalamika watapewa ilani ya kuhama, na hofu hiyo si ya bure. Upangaji wa mwezi kwa mwezi waweza kuvunjwa na upande wowote kwa ilani ya mwezi mmoja. Lakini ilani si ruhusa ya kung’oa mlango, kukata maji au kutupa vyombo nje. Mpangaji aliyekataa kutoka huondolewa kwa njia ya sheria.

Kwa aliyeharibikiwa na mali, mathalani godoro, televisheni au vitabu vya watoto vilivyolowa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Mdai anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Atakachoulizwa hapo ni risiti, picha zenye tarehe, na ile nakala ya barua iliyotiwa sahihi na ajenti.