Maji ya Beseni Hugeuka Kahawia Hata Bila Miguu

Gathano, msimu wa baridi, ikishaingia, maswali ya wasomaji wa Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya na Nanyuki huelekea upande mmoja: kuvu. Ukuta wa nyuma ya kabati umejaa madoa meusi, nguo hazikauki, madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya baridi, na kifua hakitulii. Safari hii swali limegeuka. Wengi hawaulizi wanaugua nini, maana wameshaambiwa na mtu mwenye mashine kwamba kuvu imeenea mwilini. Wanachouliza ni kama waendelee kulipa.

Nianze na beseni la ditoksi, kwa kuwa ndilo linalowavuta hata watu makini. Unatumbukiza miguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mhudumu anazamisha kifaa cha chuma kando ya nyayo zako, kisha anawasha umeme. Haipiti nusu saa, maji yamekuwa ya rangi ya chungwa, halafu kahawia, halafu yana tope jeusi na povu juu. Mhudumu anakuonyesha chati: rangi ya chungwa imetoka kwenye viungo, kijani kwenye nyongo, nyeusi kwenye ini, na vile vipande vyeupe ndiyo kuvu yako. Mtu aliyekohoa miezi mitano akiona hivyo anaamini. Ameona kwa macho yake.

Alichokiona ni kutu. Ndani ya kile kifaa mna vipande viwili vya chuma, kimoja kimeunganishwa na upande chanya wa umeme na kingine upande hasi. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida, na chumvi ndiyo inayoufungulia njia. Kwenye kipande cha upande chanya, atomu za chuma hunyang'anywa elektroni na kuingia majini zikiwa ayoni. Kwenye kile cha upande hasi, maji yenyewe huvunjwa: haidrojeni hutoka kama vipovu na kuacha haidroksaidi. Ayoni za chuma zikikutana na haidroksaidi hiyo, huzaliwa tope la kijani kibichi kizito. Oksijeni iliyomo majini hulishambulia tope hilo na kulifanya kahawia. Kwa hiyo mpangilio wa rangi kwenye chati si wa viungo vya mwili. Ni hatua za chuma kushika kutu, na huenda haraka au polepole kulingana na chumvi iliyotiwa, nguvu ya umeme na muda. Chumvi hiyohiyo hutoa klorini kidogo, ndiyo ile harufu inayodaiwa kuwa ya sumu inayotoka. Povu ni vipovu vya haidrojeni vilivyonaswa na mabaki ya sabuni na mafuta ya ngozi. Kile chuma nacho huliwa siku baada ya siku hadi kinunuliwe kingine. Hizo sumu mnazoonyeshwa zimetoka kwenye kipuri.

Asiyeamini na amwombe mhudumu aiwashe mashine kwa muda uleule, chumvi ileile, bila mguu wa mtu ndani. Watafiti walifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Walipima maji ya beseni lenye miguu na lisilo na miguu, wakapima pia mkojo na nywele za waliotumia. Hawakupata ushahidi wowote kwamba mashine huondoa madini ya sumu mwilini.

Mashine ya pili mnaijua: fimbo ya chuma unayoshika mkononi kwa dakika moja hivi, waya hadi kwenye kompyuta, na kurasa nyingi zinazochapishwa kuhusu ini, figo, mifupa na "kiwango cha kuvu". Kabla ya kushika fimbo huulizwa jinsia, umri, urefu na uzito. Swali langu kwa wenye mashine ni dogo: chombo kinachosoma ini kupitia kiganja kinahitaji kuambiwa umri wa nini? Fimbo ya aina hiyo ikipima chochote, basi ni jinsi ngozi ya kiganja inavyopitisha umeme, na hilo hubadilika ukitokwa jasho au ukiikaza zaidi. Chembe ya uzazi ya kuvu aina ya Aspergillus fumigatus ina upana wa mikromita 2 hadi 3. Huvutwa hadi ndani kabisa ya pafu. Kuijua iliko kunahitaji picha ya kifua na kipimo cha damu, na kiganja hakiwezi kusema lolote.

Biashara hii ina babu yake. Huko San Francisco, daktari aitwaye Albert Abrams aliwapatia wenzake visanduku vilivyofungwa, kwa sharti kwamba wasivifungue. Alidai kusoma ugonjwa wowote kutoka kwenye tone la damu. Daktari mmoja wa Michigan akampelekea damu ya jogoo, akarudishiwa majibu kwamba mgonjwa ana malaria, saratani, kisukari na magonjwa mawili ya zinaa. Jarida la Scientific American lilichunguza mtindo wake na mwaka 1924 likatangaza kwamba hauna thamani yoyote. Miaka mia imepita na jogoo bado anapimwa.

Ya tatu ndiyo inayonitia hofu: mashine ya ozoni, inayouzwa ili "kuua kuvu" chumbani na kifuani kwa pamoja. Ozoni huua kwa kuunguza chochote inachokigusa, na utando wa ndani wa pafu ni laini kuliko kuvu ya ukutani. Kiwango kinachoweza kuangamiza kuvu kwenye plasta si kiwango cha binadamu kuvuta. Mamlaka ya dawa ya Marekani huitaja kuwa gesi ya sumu isiyo na matumizi ya kitabibu yanayojulikana. Ukimfungulia mtoto mwenye pumu, unaweza kumletea shambulio usiku huohuo.

Je, wagonjwa hawa wanajisingizia? Hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likionyesha uhusiano wake na pumu na matatizo ya kupumua. Mfugaji anayefungua marobota ya nyasi yaliyofungwa yakiwa mabichi, kisha saa chache baadaye akapata homa na pumzi fupi, ana ugonjwa wa mapafu wa wakulima, ulioelezwa Uingereza tangu 1932. Akikaa mbali na ghala hupata nafuu, akirudi huugua tena. Na sumu ya kuvu kwenye mahindi, aflatoksini, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Hiyo huingia kwa kuliwa, hushambulia ini, na hutoka kwa nyongo na mkojo, kamwe si kwa nyayo. Na tafadhali, kuchemsha githeri muda mrefu hakuiondoi. Nimeshalisema hili mara nyingi na bado linaulizwa.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni aliyewahi kuugua TB. Alimaliza dawa, akapona, kisha mwaka mmoja au miwili baadaye akaanza tena kukohoa, kukonda na kuchoka. Makohozi yakipimwa, TB haionekani. Jirani anamwambia ni baridi, mwenye beseni anamwambia ni sumu. Huenda ni kuvu kweli, ila si kwa namna wanavyomwambia. TB huweza kuacha pango ndani ya pafu. Chembe za Aspergillus tunazovuta sote kila siku hutua humo, mahali ambapo kinga ya mwili haifiki vizuri, zikaota na kusokotana hadi wakati mwingine kuwa donge linalocheza ndani ya pango kama mpira wa matambara. Ukuta wa pango huvimba na mishipa ya damu huongezeka. Mshipa ukipasuka, mtu hukohoa damu.

Mjini Gulu, Uganda, watafiti waliwachunguza watu 398 waliokuwa wametibiwa TB na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Kati ya waliokuwa na mapango kwenye picha ya kifua, asilimia 26 walikuwa na ugonjwa huu wa kuvu. Kati ya wasio na mapango, asilimia 0.8 tu. Hakuna mashine ya kiganjani iliyowatenganisha. Tangu 2017, itrakonazoli imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu. Dawa ipo, na mgonjwa yuko kwenye kiti cha plastiki akitazama kutu.

Basi la kufanya, kwa ufupi. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe TB kwanza. Kama ulishawahi kuugua TB na sasa haionekani, omba eksirei ya kifua, na umuulize daktari kuhusu kipimo cha kingamwili dhidi ya Aspergillus. Si kila hospitali inakifanya, kwa hiyo kitaje kwa jina. Ukiandikiwa vidonge vya kapsuli vya itrakonazoli, vimeze na chakula, na umwambie daktari kama bado unatumia rifampisini, kwa sababu huishusha itrakonazoli damuni hadi isifanye kazi. Matibabu huchukua miezi sita au zaidi. Mwenye pumu asiache inhela yake kwa sababu ya ahadi ya mtu yeyote.

Nyumbani, tafuta maji yanakoingilia: bati linalovuja, bomba, ukuta unaonyonya unyevu wa ardhini. Fungua dirisha jua la mchana likitokeza, anika nguo nje, sogeza kabati mbali na ukuta, sugua madoa kwa maji na sabuni ukiwa umefunika pua. Anayekuuzia mashine ya tiba, muulize kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na uone namba yenyewe. Ukikohoa damu, hata kijiko kimoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.