Umbo la Makala na Hatima ya Utafiti: Mpangilio wa Makala ya Kiswahili katika Juzuu za Makongamano

Ikisiri

Mpangilio wa makala ya kitaaluma aghalabu huchukuliwa kuwa kazi ndogo ya kumalizia baada ya utafiti kukamilika. Makala haya yanaonesha kwamba, kwa utafiti unaoandikwa kwa Kiswahili, mpangilio ndio unaoamua iwapo kazi itapatikana, itarejelewa na kuaminiwa nje ya ukumbi wa kongamano. Mambo matano yanajadiliwa: majina ya watu, majina ya taasisi na majarida, alama ya ng' na ukataji wa maneno, tarakimu na sarafu, na faili ya mwisho. Inapendekezwa kwamba makongamano ya ukanda huu yawe na mwongozo wa pamoja unaotokana na hali halisi ya lugha na watumiaji wake.

Maneno makuu: mpangilio, marejeleo, majina, tahajia, juzuu ya kongamano

1.0 Utangulizi

Kila kongamano hutoa maelekezo kwa waandishi: aina na ukubwa wa fonti, nafasi baina ya mistari, upana wa pambizo, urefu wa ikisiri na mtindo wa marejeleo. Maelekezo hayo yana umuhimu wake, lakini mengi yake yanahusu mambo ambayo mhariri anaweza kuyarekebisha katika juzuu nzima kwa muda mfupi. Yapo mengine ambayo mhariri hawezi kuyarekebisha bila kumuuliza mwandishi, nayo yakikosewa huchapishwa na kosa lake na kunakiliwa na watafiti wanaofuata. Hayo ndiyo yanayoshughulikiwa hapa.

Suala hili limepata uzito mpya katika miaka ya karibuni. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Lugha inapopewa hadhi ya namna hiyo, washauri wa sera hutarajia kupata ndani yake ushahidi wa kitafiti kuhusu elimu, afya, sheria na biashara. Ushahidi uliopo lakini hauonekani hauwezi kuwafaa.

2.0 Majina ya Watu

Mitindo ya marejeleo inayotumika zaidi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, yaani APA, MLA na Chicago, iliasisiwa Marekani. Msingi wake ni kwamba kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba jina hilo huja mwisho. Msingi huo haulingani na desturi nyingi za ukanda huu. Katika upwa wa Afrika Mashariki, jina la pili kwa kawaida ni la baba na la tatu ni la babu. Nchini Burundi na Rwanda, kwa desturi mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ambalo si lazima lifanane na la baba yake wala la ndugu zake. Aidha, katika nchi zilizopokea utaratibu wa Kifaransa, zikiwamo Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jina linalohesabiwa kuwa kuu huandikwa kwanza, mara nyingi kwa herufi kubwa, na jina la ubatizo hufuata. Mhariri asiyejua utaratibu huo huligeuza jina na kumworodhesha mwandishi kwa jina lake la ubatizo.

Athari zake zinaonekana hata kwa waandishi mashuhuri. Mwandishi wa Kusadikika (1951) huorodheshwa katika baadhi ya kazi kama Robert, S., na katika nyingine kama Shaaban, R. Said Ahmed Mohamed huonekana chini ya M na pia chini ya S. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye kazi zake za awali zilichapishwa kwa jina la James Ngugi, huwekwa chini ya N, T au hata W, kana kwamba "wa" ni sehemu ya kwanza ya jina la ukoo. Msomaji hodari hutambua kwamba hao ni watu walewale. Programu inayohesabu marejeleo haina ujuzi huo: huwahesabu kuwa watu wawili au watatu, na mchango wa mtu mmoja hugawanyika.

Kwa mtafiti chipukizi ambaye upandishwaji wake cheo hutegemea kazi zilizochapishwa na kurejelewa, mgawanyiko huo ni hasara halisi. Suluhisho lake si gumu. Fomu ya kuwasilisha makala imtake kila mwandishi ataje, kwa maandishi yake mwenyewe, namna anavyotaka jina lake lirejelewe, naye aitumie namna hiyohiyo katika kazi zake zote. Nambari ya utambulisho ya ORCID, yenye tarakimu 16 na inayotolewa bila malipo, iwekwe chini ya jina. Kwa waandishi waliofariki, wahariri wachague umbo moja na kulitumia katika juzuu nzima.

3.0 Majina ya Taasisi na Majarida

Taasisi nazo hubadilika majina. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ndiyo chimbuko la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Jarida lililoanzishwa na Kamati hiyo nalo lilipitia majina kadhaa kabla ya kuitwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo la pili likatoka mwaka 2004.

Kanuni inayofaa ni kuandika jina lililokuwapo kazi ilipochapishwa, kama linavyosomeka katika ukurasa wa jina la kitabu. Anayerejelea kamusi hiyo ataje pia toleo, kwa kuwa fasili ya neno katika toleo moja inaweza kutofautiana na ya toleo jingine. Mjadala wa kiistilahi unaojengwa juu ya "TUKI" pasipo mwaka wala toleo hauwezi kuhakikiwa na msomaji.

4.0 Alama ya ng' na Ukataji wa Maneno

Sauti ya kwanza ya neno "ng'ombe" huandikwa kwa herufi mbili na alama moja. Alama hiyo si pambo: "ng'oa" ni kung'oa kitu kilichoota, ilhali "ngoa" ni tamaa au wivu. Katika kompyuta, alama hiyo huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Ipo iliyonyooka, inayotoka moja kwa moja kwenye kibodi. Ipo iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Na wengine hutumia alama ya kufungulia nukuu. Kwa jicho zinakaribiana, lakini kwa kompyuta ni herufi tofauti. Neno lililoandikwa kwa namna moja linaweza lisipatikane linapotafutwa kwa namna nyingine, na baadhi ya zana hulikata neno hapo na kusoma "ng" na "ombe". Kwa watafiti wanaokusanya matini ili kuhesabu maneno, kosa hili huharibu data yenyewe. Mwandishi achague alama moja na kuitumia kuanzia kichwa cha makala hadi marejeleo.

Jambo linalohusiana na hilo ni ukataji wa neno mwishoni mwa mstari. Programu iliyowekwa katika Kiingereza hukata maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na matokeo yake huwa "mwanafun-zi" au "Kis-wahili". Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na nazali huenda pamoja na konsonanti inayoifuata. Kwa hiyo mikato sahihi ni "mwanafu-nzi" na "Ki-swahili". Baadhi ya maneno ya mkopo, kama "maktaba", yana silabi funge na hukatwa "mak-taba". Njia ya salama ni kuiweka lugha ya hati kuwa Kiswahili au kuzima ukataji wa maneno kabisa.

5.0 Tarakimu na Sarafu

Juzuu ya kikanda husomwa na watu waliosomea mifumo tofauti. Kwa msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda, 12,500 ni elfu kumi na mbili na mia tano. Kwa msomaji aliyezoea utaratibu wa Kifaransa, mkato hutenga desimali, na tarakimu hizohizo zinaweza kusomwa kuwa kumi na mbili na nusu. Katika jedwali la idadi ya wanafunzi au bajeti ya wizara, tofauti hiyo ni ya mara elfu moja. Vilevile, "shilingi" ni sarafu ya Tanzania, Kenya na Uganda, na "faranga" ni ya Burundi, Rwanda na Kongo, zote zikiwa na thamani tofauti. Mshauri wa sera anayenukuu jedwali bila kulijua hilo hupeleka kosa katika waraka wa serikali. Kwa hiyo, kila juzuu itamke mwanzoni utaratibu wake wa tarakimu, na kila jedwali litaje sarafu kwa jina kamili au kwa kifupi cha kimataifa, kama vile TZS, KES, UGX, BIF, RWF na CDF, pamoja na mwaka wa takwimu.

6.0 Faili ya Mwisho

Juzuu nyingi hutolewa kama faili moja kubwa ya PDF. Mtindo huu hufaa kwa uchapaji, lakini huyaficha makala yaliyomo. Google Scholar huelekeza kwamba kila makala yawe katika faili yake, kichwa kiwe juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa kuliko nyingine, na majina ya waandishi yafuate chini yake. Kurasa zilizopigwa picha pasipo maandishi yanayosomeka na kompyuta hazitafutiki kwa urahisi. Ikisiri ya pili kwa Kiingereza au Kifaransa humfikisha msomaji asiyejua Kiswahili mlangoni mwa makala, bila kuyaondoa makala yenyewe katika lugha yake.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Utafiti wa Kiswahili ni mali iliyokusanywa kwa miongo mingi, na mpangilio wa makala ndio daftari lake. Inapendekezwa kwamba vyama na taasisi zinazoandaa makongamano katika ukanda huu zikubaliane juu ya mwongozo mfupi wa pamoja kuhusu mambo haya matano, uambatishwe kwenye mwaliko wa kwanza wa makala badala ya kusubiri hatua ya uhariri. Gharama yake ni ndogo, na utawawezesha watafiti na washauri wa sera wa nchi jirani kuzifikia kazi za wenzao na kuzitumia kwa uhakika.