Fahamu: Kwa nini hakuna tena leseni ya kuwinda Burigi-Chato

Hadi 2019, Biharamulo, Burigi na Kimisi yalikuwa mapori ya akiba. Mwaka huo yakaunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707, inayogusa Ngara, Biharamulo na wilaya jirani.

Tofauti iko wapi?

Katika pori la akiba, mwenye leseni anaweza kuwinda kwenye kitalu, na halmashauri ya wilaya hupata mgawo wa mapato. Ndani ya hifadhi ya taifa, iliyo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), uwindaji ni marufuku: mgeni hulipia kutazama tu. Ndiyo maana mjadala kuhusu kusitishwa kwa uwindaji ni wa fedha kama ulivyo wa wanyama.

Na kwa nini wanyama walipungua?

Aprili 1994, takribani wakimbizi Wanyarwanda 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Kambi zao zilihitaji kuni na kitoweo. Burigi na Kimisi yakaumia vibaya, wanyama wakapungua. Uwindaji wa leseni peke yake hauelezi upungufu huo.