Nguvu Zisizoandikwa Katika Kitabu cha Gari

Mpwa wangu amerejea nyumbani kutoka Qatar baada ya miaka sita ya kufunga nyaya za umeme katika majumba ya watu. Kitu cha kwanza alichokinunua kwa akiba yake si shamba, wala si lile tangi la maji ambalo mama yake huliomba kila kiangazi kinapoingia. Amenunua gari. Na laiti lingekuwa gari la kubebea magunia ya ndengu kutoka Ikutha hadi Kitui mjini, pengine wazee wangemwelewa. La hasha! Amenunua Subaru WRX STI ya mwaka wa 2019, ya rangi ya samawati, yenye bawa juu ya buti mithili ya ndege ya kunyunyizia dawa, na tundu juu ya boneti ambalo watoto wa kwetu wameshaulizana kama ni la kuingizia maji ya mvua.

Hukumu imekwisha kutolewa kijijini. Wapo wasemao kwamba kijana amerogwa, na wapo wasemao kwamba hana haja ya kurogwa maadamu ana pesa na hana mke. Mimi sikubaliani nao, wala yeye simkubalii yote. Lakini kwa kuwa nilikwenda naye Mombasa kulichukua gari hilo, na kwa kuwa yeye mwenyewe alinikabidhi usukani tulipofika Mtito Andei, naona ninayo haki ya kutoa ushahidi.

Nianze na siku ya kulipokea. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita umri wa miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na ndiyo maana bandarini Kilindini huteremshwa magari ya Kijapani ambayo kwa macho yetu ni mapya kabisa. Tulimkuta wakala wa forodha akitungojea na bahasha ya karatasi. Gari lilikuwa limeoshwa, linang'aa. Mpwa wangu alilizunguka mara tatu bila kusema neno, kisha akafungua mlango, akaketi, akawasha moto. Mara sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya dashibodi ikitusemesha Kijapani! Tuliambiwa baadaye kwamba bibi huyo hulalamika kila injini inapowashwa kwa sababu hajatiliwa kadi ya kulipia ushuru wa barabara za huko kwao. Redio nayo ilikuwa kama kiziwi, kwani masafa ya FM ya Japani huanza megahazi 76 na kuishia chini ya yale yanayotumiwa na vituo vyetu vingi. Jeki ilikwisha kutoweka mahali fulani kati ya Japani na sisi. Mpwa wangu hakujali hata kimoja kati ya hayo. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa nguo za Krismasi.

Nami, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, niliomba kuzisoma karatasi. Na hapo ndipo lilipoanza jambo linalonifanya niandike makala haya. Kitabu cha gari kinaeleza rangi, aina ya mafuta, uzito, idadi ya abiria, nambari ya injini na ukubwa wa injini hiyo, yaani sentimita za ujazo 1994. Nguvu yake haikuandikwa popote. Kwa mujibu wa kitabu hicho, gari la mpwa wangu ni ndugu wa magari ya familia ya lita mbili ambayo walimu wengi wakuu hupelekea watoto shuleni na mke sokoni.

Wasomaji wa rika langu watalikumbuka Peugeot 504, gari lililotubeba miaka ya themanini na tisini tukiwa tumebanana kama dagaa. Injini yake kubwa ya petroli ilikuwa na ujazo wa sentimita 1971, na ilitoa takriban nguvu za farasi 100. Hii ya Subaru imeizidi kwa sentimita 23 tu, kiasi cha vijiko vitano vidogo vya chai, lakini hutoa nguvu za farasi 308. Siri ni ile tabo, kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka katika injini, nacho kikasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Mwalimu wa sayansi asiyelitumia jambo hili darasani anapoteza bahati. Shinikizo hilo ndilo lililowafanya watengenezaji waitake petroli ya oktani ya juu, ile ya 100 inayouzwa Japani, kwa maana petroli hafifu huwaka kabla ya wakati na kuigonga pistoni kama nyundo. Nilimwuliza mpwa wangu atainunua wapi petroli ya namna hiyo Mutomo. Akacheka.

Lakini kwa nini Subaru? Swali hili linataka jibu la haki. Kijana huyu alizaliwa mwaka wa 1994, mwaka ambao Ian Duncan, Mkenya, alishinda Mbio za Magari za Safari kwa Toyota Celica, na Mkenya mwingine, Patrick Njiru, akamaliza wa nne akiwa na Subaru Impreza. Mwaka wa 1997 Colin McRae wa Uskoti akashinda kwa Impreza ya samawati. Sisi tulikwisha kuyajua majina ya kina Joginder Singh na Shekhar Mehta kwa kuyasikia redioni siku za Pasaka, na tukayaigiza kwa magari ya waya. Kizazi cha mpwa wangu kilirithi rangi ile ya samawati. Mbio hizo zilitoka katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, zikarejea mwaka wa 2021, na vijana wa Ukambani humiminika Naivasha kuzitazama. Mtu akiniambia kwamba mapenzi ya namna hiyo ni upumbavu, nitamwuliza yeye hupenda nini.

Sasa nieleze nilivyoliona gari lenyewe. Klachi ni nzito, wala haimsamehe mtu mwenye mguu wa haraka. Kiti humkumbatia dereva mbavuni. Springi zake ni ngumu, hata kila kiraka cha lami hukihesabu kwa uti wa mgongo. Usukani ni mzito kidogo na mwaminifu mno: mikono huambiwa waziwazi tairi za mbele zinakanyaga nini. Chini ya mizunguko 3,000 injini hujitia upole na kunguruma. Ukiendelea kukanyaga mafuta, tabo huamka, kisha kiti hukusukuma mgongoni kwa nguvu ambayo sijapata kuijua katika maisha yangu ya udereva. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni kazi ya chini ya sekunde 6.

Sitakuwa mnafiki nikasema kwamba nguvu hizo hazina faida. Kati ya Mtito Andei na Kibwezi, barabara kuu ya Mombasa imejaa malori ya makontena, licha ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Kulipita lori refu kwa gari dhaifu ni kukaa upande wa kifo kwa muda mrefu huku ukiomba Mungu. Kwa gari hili nilingoja mahali peupe, nikateremsha gia, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi lori lilikuwa nyuma yangu. Na breki! Hizo ndizo zilizonishangaza kuliko injini. Mtu anayelaani magari yenye nguvu hana budi kukiri kwamba aghalabu hupewa na breki za kuyazuia, jambo ambalo halisemwi juu ya matatu nyingi kuukuu.

Kibwezi tuliiacha barabara kuu, tukashika ile ya Kitui. Wazee wanaikumbuka ilivyokuwa vumbi na makorongo, ambapo safari ya kwenda Ikutha ilihitaji kitambaa cha kufunika pua. Kazi ya kuitia lami hadi Kitui na kuendelea mpaka Migwani ilianza mwishoni mwa miaka ya 2010, na sasa ni utepe mweusi unaoshuka hadi daraja la mto Athi, kisha unapanda uwanda wa Yatta, ule ulimi mrefu wa mawe ya volkano uliopoa zamani za kale, na kuingia katika nchi ya mibuyu na miiba. Kuna vipande virefu vilivyonyooka, visivyo na gari hata moja. Ni hapo nilipoigundua hatari ya gari hili, nayo si ile niliyoitarajia.

Peugeot 504 ilikuwa msema kweli. Ukifika mwendo wa 100 milango ilitetemeka, upepo ulipiga mluzi dirishani, na abiria wa nyuma waliacha kuzungumza. Gari la mpwa wangu halisemi lolote. Niliangalia kipima mwendo nikidhani nakwenda 70, nikakuta 100. Mpwa wangu, ambaye adabu haijamtoka, akaniambia, "Mjomba, niwie radhi, lakini gari hili unaliendesha kama la kubebea maiti." Na kwa hakika nilihisi hivyohivyo! Mwili wangu wote uliniambia kwamba tumesimama.

Mbele ya Mutomo, kando ya utepe huo, walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi wakirudi nyumbani, na punda wawili wenye madumu ya maji wakifuatana bila mchungaji. Naomba mwalimu wa fizikia awape wanafunzi wake hesabu hii. Tuseme dereva huchukua sekunde moja kabla ya mguu wake kufika kwenye breki, na kwamba breki hupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa litasimama baada ya mita 28 hivi. Liendalo 100 litahitaji mita 83. Liendalo 150 litahitaji mita 166. Wanafunzi wakiwa werevu, waulizwe na swali la pili: pale ambapo gari la 100 limekwisha kusimama, lile la 150 linapita kwa mwendo gani? Jibu ni zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Breki ziwe nzuri namna gani, punda hajui hesabu hiyo, na mtoto wa darasa la pili hajafundishwa.

Kila mwaka kati ya 2021 na 2024 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watembeao kwa miguu. Ndiyo maana nilimwuliza mpwa wangu alifundishwa wapi kuendesha. Alifundishwa, kama wengi wetu, mbele ya ubao wenye mchoro wa mji mdogo, akasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole kuzunguka mzunguko wa barabara. Baada ya hapo akapewa masomo machache katika gari chakavu lisilovuka gia ya tatu. Hakuna aliyemwambia akanyage breki kwa nguvu zake zote akiwa katika mwendo wa 80 ili ajue kinachotokea. Kisha akapata leseni ya daraja B, akaenda Qatar, ambako kwa miaka sita alipelekwa kazini kwa basi. Leseni ile inatofautisha gia za mkono na gia zinazojibadilisha zenyewe. Kuhusu nguvu, iko kimya kama kitabu cha gari. Kisheria, kijana aliyefaulu mtihani jana anaweza kushika farasi 308 leo asubuhi.

Wenzetu wamelifikiri jambo hili. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hupanga leseni za pikipiki kwa madaraja ya nguvu, na kijana hupanda ngazi hatua kwa hatua. Italia huwawekea madereva wapya wa magari mpaka wa nguvu kulingana na uzito wa gari. Baadhi ya majimbo ya Australia, kama Victoria na New South Wales, huwakataza wenye leseni za muda magari yenye nguvu nyingi. Sisi tunayapokea magari yaleyale, meli baada ya meli, na kuyapima kwa ukubwa wa injini, kipimo kilichotosha enzi za Peugeot.

Najua nitakalojibiwa: kwamba sheria tulizo nazo hazifuatwi, ya nini kuongeza nyingine? Hoja hiyo ina uzito, na aliyesimamishwa njiani akaachiliwa kwa namna anayoijua mwenyewe hawezi kuicheka. Lakini kuandika kilowati katika kitabu cha gari hakuhitaji askari wala kizuizi cha barabarani, na kampuni za bima zingekuwa za kwanza kukisoma kitabu hicho. Kuwafundisha madereva kusimamisha gari kwa dharura kunahitaji uwanja mpana tu. Kitui tunao uwanja wa Ithookwe.

Ikanga nilimrudishia mpwa wangu usukani. Aliendesha kwa heshima hadi mjini, sijui kwa sababu yangu au kwa sababu ya matuta, ambayo tumbo la gari lile liliyakwaruza kila tulipofika kwenye maduka. Dada yangu alilitazama, akafungua buti, akapima kwa mikono, akasema dumu sita zitaingia zikilazwa. Jioni ile tulikubaliana kwamba atatafutwa fundi wa udereva anayejua magari ya mbio, amfundishe kijana breki kabla hajamfundisha jambo jingine lolote. Mpwa wangu ameridhia kwa sharti kwamba nami nifundishwe pamoja naye. Tunaanza Jumamosi, na mama yake amesema atakuja kutazama, akiwa amejibebea kiti chake.